Ukuta uliokata njia ya tangi: uchambuzi wa kisa cha ardhi ya ukoo Jamaika

Kisa hiki nilikishuhudia mwaka 2023, nilipokuwa karani wa vikao katika kituo kidogo cha usuluhishi Jamaika. Nilimfuata mume wangu aliyepata mkataba wa kazi huko, na ukarani niliufanya kwa kujitolea siku tatu kwa wiki. Majina na jina la kijiji nimeyaondoa, umri na mambo machache nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Nakiandika kwa wenzangu wanaosuluhisha familia ambazo ndugu mmoja yuko kijijini, mwingine mjini na mwingine ng'ambo. Sisi tuliokuwa mezani tulikosea mapema, na makosa yetu nimeyaweka humu.

## Mahali

Mjamaika akikuambia anakaa Kingston, swali linalofuata ni juu au chini. Jiji limelala kati ya bandari na milima. Chini, karibu na bahari, kuna soko kuu, wachuuzi, na mitaa ya uzio wa mabati ambako familia kadhaa hutumia ua mmoja na bomba moja. Kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo nyumba zinavyojitenga: nondo madirishani, geti, mbwa, na chumba cha mfanyakazi wa ndani kule nyuma. Kwa gari si mbali hata kidogo, lakini wako watu wa juu ambao hawajakanyaga soko kuu miaka na miaka. Naye wa chini anajua kwamba jina la mtaa wake kwenye barua ya kuomba kazi linaweza kumponza kabla hajaitwa kwenye usaili.

Nje ya Kingston, kwa mtu wa jiji, kote ni mashambani, hata kama mji una hospitali na mahakama yake.

Kijiji cha kisa hiki kiko kwenye milima ya mawe ya chokaa, kusini-kati ya kisiwa. Udongo ni mwekundu wa boksiti, ambayo kampuni za alumini zimekuwa zikiichimba kisiwani tangu miaka ya 1950. Mito hakuna, kwa kuwa chokaa hunywa mvua yote. Kwa hiyo koo za huko zilijenga matangi ya zege ubavuni mwa kilima, na mtelemko wa saruji juu yake wa kukingia mvua. Ukiona mtelemko huo kwa mbali utadhani ni kaburi kubwa.

Watu walifikaje kule juu? Sheria ya kufuta utumwa ilianza kutumika 1834, lakini wakabanwa kwa miaka minne mingine chini ya mpango ulioitwa uanagenzi, na uhuru kamili ukaja tarehe 1 Agosti 1838. Mabonde mazuri yenye miwa yalibaki kwa mabwana. Waliokuwa watumwa wakanunua vipande vya vilimani, wengi wakisaidiwa na makanisa: Wabaptisti, na Wamoravian, ndugu wa hao hao tunaowajua Mbeya na Tabora. Sligoville, kijiji huru cha kwanza, kilianza 1835. Vipande vile vikawa ardhi ya ukoo, na ardhi ya ukoo haiuzwi wala haikatwi. Ni ya watoto wote wa damu, wa kike na wa kiume, wa ndoa na wa nje ya ndoa, waliobaki na waliohama. Aliyeondoka miaka hamsini akirudi, ana haki ya kujenga, kuchuma matunda na kuzikwa.

Serikali haioni hivyo. Kwenye vitabu vyake ardhi ina mwenye jina, na jina lililokuwa kwenye daftari la kodi la ekari tatu hizi lilikuwa la babu aliyefariki zamani mno, hata waliomzika hawapo tena.

## Wahusika

*Shangazi*, miaka 71. Hajawahi kuishi pengine. Analima vitunguu vya majani na tikiti maji, na zamani alikuwa mchuuzi: Alhamisi usiku anapanda lori la mizigo, analala sokoni Kingston juu ya magunia yake, Ijumaa mchana anarudi. Nyumba yake ni ya mbao, paa la bati, pipa la maji kwenye kona. Kijijini wanamwita kwa jina lake la kwanza na "Miss" mbele, na hiyo ndiyo heshima ya kule.

*Mrejea*, miaka 67, binamu yake. Wazazi wake walikwenda Uingereza wakamwachia bibi, wakawa wanatuma fedha na mapipa ya nguo na vyakula. Mwaka 1969, akiwa na miaka 13, naye akachukuliwa. Aliendesha basi London kwa zaidi ya miaka thelathini, akaishi nyumba ya kupanga ya halmashauri, akafiwa na mke. Mwaka 2017 akarudi na kujenga kwenye ardhi ya ukoo nyumba ya ghorofa moja yenye nguzo nne nyeupe na paa la zege. Kijiji kikampa jina: Mwingereza. London alikuwa akiitwa Mjamaika.

*Binamu wa Juu*, miaka 52, mhasibu, anaishi vilimani juu ya Kingston. Baba yake, marehemu, ndiye pekee katika kizazi chake aliyepata nafasi ya sekondari. Akawa ofisa wa serikali, akaoa mwanamke wa maji ya kunde kutoka familia yenye jina. Rangi huko ina uzito ambao msomaji wa Dar au Mombasa asiudharau. Binti alipelekwa kijijini mara mbili tu utotoni.

*Kijana*, miaka 34, anauza vifaa vya simu barabarani Kingston ya chini. Mama yake alizaliwa kwenye ardhi hii. Mwezi Mei 2010, askari walipoingia mtaa wa Tivoli Gardens na magharibi ya Kingston ikawa uwanja wa risasi, alimleta mwanawe mchanga kwa Shangazi. Mtoto hakurudi mjini, na wakati wa kisa alikuwa na miaka 13.

## Yaliyotokea

Januari 2023 Mrejea alijenga ukuta wa matofali kuzunguka nyumba yake, wenye geti la chuma na kufuli. Ukuta ulipita katikati ya njia ya miguu inayokwenda kwenye tangi, makaburi na mshelisheli mkubwa. Shangazi hakusema neno. Alianza kuzunguka kwa barabara. Mvulana ambaye alizoea kufika tangini kwa dakika tatu sasa alitumia kama dakika ishirini na tano, ndoo kichwani, mlima mtupu.

Pasaka Kijana alikuja kumsalimia mwanawe. Akaona, akaazima nyundo, akatoboa ukuta na kung'oa matofali sita kabla Mrejea hajatoka na simu mkononi kupiga polisi. Polisi walikuja, wakasema ni ugomvi wa kifamilia, wakaondoka.

Binamu wa Juu alipopata habari aliandika barua rasmi: kwa miaka tisa yeye ndiye amekuwa akilipa kodi ya ardhi, risiti anazo, na anataka eneo lipimwe na lipatiwe hati. Wakili wake alimweleza kwamba anayekalia ardhi miaka 12 bila kupingwa anaweza kuidai mahakamani. Akahesabu miaka ya Mrejea: 2017 hadi 2029.

Kikao cha kwanza kilifanyika Juni ofisini kwetu: meza ndefu, kiyoyozi, Kiingereza. Binamu wa Juu alikuja na faili lenye vibandiko vya rangi. Mrejea alivaa suti na kusema kwa lafudhi iliyonyooka, ingawa kila alipochemka, Kijamaika, krioli ya nyumbani, kilichungulia. Kijana tulimkalisha karibu na mlango. Nakumbuka nani alipendekeza, nilikuwa mimi. Shangazi tulimwita kwa jina la ukoo la kwenye kitambulisho, jina ambalo hakuna anayemwita nalo, na mara ya kwanza hakuitika. Kila alipoulizwa alijibu, "Ndiyo, bwana." Msuluhishi akaandika kwamba upande wa mkazi wa ardhi hauna pingamizi.

Hapo ndipo na mimi nilipochangia. Nimekulia Kibosho, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Kichaga, na nilijiona nimeshaelewa. Nikauliza kitinda mimba wa kiume katika ukoo ni nani, maana kwetu nyumba ya wazazi huishia kwake. Wakanyamaza wote, halafu Shangazi akacheka, mara ya pekee siku ile: "Na sisi wasichana, tulizaliwa na mti?"

Kikao cha pili tulikipanga Jumamosi ili watu wa jiji wapate kusafiri. Shangazi hakutokea. Ni Msabato wa tangu ujana, kanisa lake liko mita mia mbili kutoka tangini, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza. Binamu wa Juu alisoma kutokuja kwake kama dharau. Kijana alikuwa amefunga biashara siku ya mauzo makubwa na kulipa nauli ya Koasta kwenda na kurudi, bure.

Kikao cha tatu tulikifanya uani kwao, tarehe 1 Agosti, sikukuu ya ukombozi.

## Siku ya Agosti

Nitakaa kidogo hapa, kwa kuwa kisa chote kiligeukia siku hii.

Tulipofika, Shangazi alikuwa amechoma mashelisheli kwenye makaa tangu alfajiri. Ganda lilikuwa jeusi tii, ndani nyama ya njano iliyopauka, na moshi wake ulinirudisha Pemba nilikofundisha zamani. Kulikuwa na aki, tunda la huko linalopikwa kama mboga, kwa samaki wa chumvi, na wali wa nazi na maharage kwenye sufuria kubwa. Hakuna aliyeruhusiwa kufungua faili kabla ya kula. Mrejea alileta viti vya plastiki, Kijana akavipanga, na wawili hao wakajikuta wameshika kiti kimoja kila mmoja upande wake. Hawakusema kitu.

Baada ya chakula msuluhishi wetu, mwalimu mstaafu aliyekulia kijiji kama kile, alimwambia Shangazi kwa Kijamaika: "Miss, tutembeze."

Akatutembeza, na hakuonyesha mpaka hata mmoja. Alionyesha miti. Mwembe huu wa fulani, mnazi ule wa fulani, huu wa mapacha waliokufa. Kila mtoto aliyezaliwa pale, kitovu chake kilizikwa na mche ukapandwa juu yake. Sisi pia husema pale kitovu changu kilipozikwa, nami nilikuwa nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kuuona mti wake.

Tukafika kwenye mshelisheli, ndani ya ukuta. Tawi moja kubwa lilikuwa limekatwa, jeraha bado jeupe. Mrejea akajieleza: majani yanaziba mfereji wa paa, na mizizi inaelekea kwenye shimo la choo, alipanga kuukata wote. Shangazi akamgeukia Binamu wa Juu, si Mrejea.

"Huyu ni baba yako."

Binamu hakuelewa. Shangazi akarudia: kitovu cha baba yake kiko chini ya mti huo. "Kitovu tunacho sisi. Mwili mkaupeleka kwenye makaburi ya kulipia mjini, kwa watu baki. Leo unakuja na karatasi."

Mama yule wa faili, ambaye tangu Juni hatukumsikia akitamka neno moja la Kijamaika, alijibu kwa Kijamaika kizito kuliko cha Kijana. Alisema baba yake alikuwa akiomba kuletwa hapa, mama yake akakataa, na yeye alikuwa na miaka 19, angefanya nini? Alisema analipa kodi kila mwaka kwa sababu hicho ndicho kitu pekee cha hapa anachojua kukifanya.

Methali ya mkataa kwao mtumwa ilikuwa imenikaa ulimini tangu Juni. Niliimeza. Juu ya ardhi iliyonunuliwa na watu waliotoka utumwani si neno la kuropoka, na kumbe hata halikuwa kweli.

Mrejea alisema mwishoni, naye hakutetea ukuta kwa hoja za thamani ya nyumba kama ofisini. Alisema anaogopa. Wazee waliorudi kutoka Uingereza wamewahi kuvamiwa na kuuawa majumbani mwao, kila aliyerudi anazijua habari hizo, na yeye analala peke yake. Tena watoto wake wa London wanamuuliza kila wiki nyumba itakuwa ya nani.

## Tulichoamua na kwa nini

Hatukupiga kura. Kura ingempa ushindi mwenye ndugu wengi waliokuja, na ukoo huu una watu Birmingham, Toronto na New York ambao hawakuwepo kabisa.

Hati tuliiweka kando, na hapa msuluhishi alibishana na mkuu wa kituo, aliyetaka faili lifungwe kwa suluhisho la kudumu. Hoja ya msuluhishi ilikuwa kwamba hati inataka majina machache, na kila jina linaloingia linawatoa hamsini. Tukaandika badala yake makubaliano ya matumizi, ukurasa mmoja: geti libaki lakini lisifungwe kwa kufuli mchana, na Shangazi apewe ufunguo wa usiku, tangi, makaburi na mshelisheli visiguswe na yeyote, kodi ilipwe kwa zamu, risiti iendelee kutoka kwa jina la marehemu, na kila mtu aandike kwamba Mrejea amejenga kwa ridhaa ya ukoo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtuliza Binamu wa Juu, maana aliyeingia kwa ridhaa ni vigumu kudai baadaye kwamba alikalia ardhi dhidi ya wenyewe.

Iliandikwa kwa Kiingereza chepesi, ikasomwa kwa sauti kwa Kijamaika, wakatia saini wote wanne. Kijana aliziba tundu kwa matofali yale yale, na kulipa saruji.

## Matokeo

Mtoto alirudia njia ya dakika tatu. Geti lilifungwa kwa kufuli mara mbili mchana nilipokuwa bado huko, na mara zote Shangazi alipita kwa ufunguo wake bila kuuliza. Binamu wa Juu alilipa zamu yake ya kodi, kisha akanyamaza. Desemba mkataba wa mume wangu uliisha, tukaondoka.

Tarehe 3 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita karibu na pwani ya kusini. Kwa ujumbe wa sauti nilisikia kwamba paa la Shangazi liliruka lote na mshelisheli ukavunjika kiunoni. Nyumba ya nguzo nne haikupoteza chochote. Watu tisa walilala humo, na Shangazi alikaa wiki tano. Binamu wa Juu alituma mabati, lakini yeye mwenyewe hakuja. Ukuta uliolaaniwa ndio uliozuia mabati ya jirani yasiingie madirishani. Kijana alilisema hilo mwenyewe, kwa kinyongo.

## Uchambuzi

Kosa letu kubwa lilikuwa kuwapanga wahusika kwenye ngazi moja: juu Binamu, kisha Mrejea, kisha Shangazi, chini kabisa Kijana. Ofisini ngazi hiyo ilionekana wazi, kwa mavazi, lugha na viti. Lakini kule kisiwani tabaka hubadilika na mahali mtu aliposimama. Mrejea alikuwa mfanyakazi wa kawaida London, tajiri kijijini, na mbele ya Binamu wa Juu alibaki dereva. Siku moja ndani ya gari Binamu huyo aliniambia, "Basi tu alikuwa akiendesha." Shangazi hana kitu benki, ila uani hakuna mwenye neno zito kuliko lake, kwa sababu ndiye anayejua mti wa nani uko wapi. Binamu wa Juu mwenye faili ndiye aliyekuwa mgeni. Na Kijana, tuliyemwona mhuni wa mjini chini, ndiye aliyeihitaji ardhi ile kwa namna ambayo hatukuifikiria: baadaye nilijua kwamba kwenye fomu za kuomba kazi huandika anwani ya kijiji, aitwe walau kwenye usaili. Alipovunja ukuta alikuwa anatetea maji ya mwanawe, na pia mahali pekee ambapo jina lake halinuki.

Pili, kila mmoja alikuwa akichangia ardhi ile kwa namna ya maisha aliyo nayo. Shangazi kwa jembe na kumuuguza bibi. Wazazi wa Mrejea kwa mapipa. Binamu kwa risiti. Kila mmoja aliuona mchango wake tu, na ofisi yetu, kwa kuwa ni ofisi, iliona risiti kwanza. "Ndiyo, bwana" ya Shangazi tuliihesabu kama ridhaa wakati ilikuwa kimya cha mtu anayesubiri mahali pa kusemea. Laiti tungeanza uani tungeokoa miezi miwili na nauli za Kijana, ambazo kituo hakikuzirudisha na mimi sikudai hata mara moja.

Kilichofanya kazi ni kutembea. Mtu akionyesha mti hawezi kusema kwa lugha ya wakili. Pia lilifanya kazi suala la siku: sikukuu ile haikuwa Sabato ya mtu, na haikuwa siku ya soko. Nikiri kwamba tuliichagua kwa sababu ya kalenda, maana yake tuliigundua tulipokuwa tayari tumekaa.

Kihamba changu hakikusaidia. Kufanana kwa kitovu na makaburi kulinifanya niruke tofauti iliyokuwa kiini: kwetu ardhi huchagua mrithi, kwao hukataa kuchagua. Ndiyo maana ukuta wowote pale ni tusi hata ukijengwa kwa hofu halali.

Makubaliano yetu nayo yana shimo. Watoto wa Mrejea hawakutia saini, wala waliopo Toronto. Baba yao akifa, karatasi ile itakuwa na nguvu kiasi gani mbele ya mtu wa London mwenye risiti za ujenzi? Swali hilo lilikuwa mezani tarehe 1 Agosti na tulilikwepa kwa sababu jua lilikuwa linazama na Koasta ya mwisho ilikuwa inaondoka.

Ujumbe wa mwisho nilioupata ni wa Kijana. Watoto wa Mrejea wanataka baba yao akifa azikwe London, kando ya mama yao. Shangazi ameshampimia nafasi, kushoto kwa bibi, na ameiwekea mawe manne. Bado hajamwambia.